Wakuu wa Makumi

Somo kwa walimu wa dini, wazee wa kanisa, na wote wenye kuwalea vijana. Kabla ya kuendelea, soma Kutoka 18:13–27.

Habari ya Musa na Yethro mkwewe mnaijua. Musa alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na watu walisimama mbele yake wakingoja zamu zao. Naye Yethro alipoyaona hayo hakumsifu kwa bidii yake, bali alimwonya wazi ya kuwa atajichosha, yeye na watu wote pamoja naye. Ndipo akamshauri achague watu wawe wakuu wa maelfu, na wa mamia, na wa hamsini, na wa makumi.

Sisi tulihubirio neno hili, mara nyingi twakaa sana juu ya maelfu na mamia, kwa kuwa huko ndiko tunakojiona wenyewe. Mwezi huu twapenda kumtazama yule wa mwisho, mkuu wa makumi. Maandiko hayamtaji jina. Watu wake ni wachache, waweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono miwili. Lakini yeye awajua: ajua ni nani aliyelala na njaa, ni nani aliyegombana na nduguye, ni nani achekaye mchana na kulia usiku. Musa hawezi kuyajua hayo, hata akiamka mapema namna gani.

Sababu ya kumtafuta mkuu huyu ni shida moja ambayo kila mchungaji anaijua. Siku ya Kipaimara kanisa hujaa, vijana wamevaa mavazi meupe, wazazi wanalia kwa furaha, na mbuzi amekwisha kuchinjwa nyumbani. Ukipita mwaka, watazame hao vijana wenyewe katika viti vya kanisa: wengi hawapo. Twalaumu mji, twalaumu michezo, twalaumu kazi za mbali. Yote hayo yana sehemu yake. Walakini ni wachache kati yetu wanaojiuliza: tuliwapa kazi gani? Twawapa viti vya kubeba siku ya sikukuu, twawapa kwaya, na kwaya ni njema. Lakini je, kuna jambo lolote usharikani ambalo tumeliweka mikononi mwao kabisa, nasi tukaondoa mikono yetu?

Baadhi ya sharika zina makundi ya skauti, na walimu wao huuliza ni nani anayepaswa kuongoza huko: mwalimu, au vijana wenyewe? Swali hili ni jema kuliko wanavyodhani, nalo halifai kwa maskauti peke yao. Kwa hiyo na tuutazame kwanza uskauti wenyewe, jinsi ulivyopangwa tangu mwanzo.

Mwanzilishi wake alikuwa askari Mwingereza, Robert Baden-Powell, aliyezaliwa mwaka 1857. Katika vita ya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, alizingirwa na jeshi la Makaburu katika mji mdogo wa Mafeking kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Watu wazima hawakutosha kwa kazi, ndipo wavulana wa Kizungu wa mji ule wakakusanywa kuwa kikosi, wachukue barua na kupeleka habari. Mkubwa wao alikuwa mvulana mwenzao, Warner Goodyear, mwenye umri wa miaka kama 13. Baden-Powell aliona jambo ambalo hakulisahau: mtoto akiaminiwa kwa kazi iliyo ya lazima kweli, hukua mbele ya macho yako.

(Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno la kando. Katika mji ule walikuwamo pia Waafrika wengi, Wabarolong na wengineo, ambao walipigana, walichukua habari usiku kupita katikati ya adui, na wengi waliteswa na njaa kuliko Wazungu. Kijana mmoja aliyeyaandika hayo siku kwa siku ni Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliyelelewa katika misioni ya Kilutheri ya Pniel. Maandishi yake ya kila siku yalipigwa chapa mwaka 1973 tu. Habari za ujasiri wa vijana huwa na kurasa nyingi, na si zote zinazosomwa mapema.)

Mwaka 1907, tangu tarehe 1 Agosti, Baden-Powell aliwachukua wavulana kama ishirini hata kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, ili ajaribu mawazo yake. Wengine walikuwa wana wa matajiri, kutoka shule za fahari. Wengine walikuwa wana wa watu wa kazi, kutoka miji iliyo jirani. Akawachanganya, akawagawanya katika vikosi vinne: Mbwa-mwitu, Fahali, Kunguru, na Sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi, naye hakuwa mwalimu wala askari, bali kijana aliyewazidi wenzake umri kidogo. Huyu alichukua bendera ndogo ya kikosi chake, na huyu ndiye aliyeulizwa habari ya mwenendo wa watu wake. Usiku, kwa zamu, kikosi kimoja kilipewa unga, nyama na viazi, kikaenda mahali pake kujipikia na kulinda kambi.

Jambo moja la kambi ile latufurahisha sana. Baden-Powell aliweka Baraza la Heshima la kuwaamua watakaovunja amri. Siku zilipokwisha aliandika ya kuwa baraza hilo halikuhitajiwa hata mara moja.

Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu chake Scouting for Boys, na vijana wakaanza kujipanga katika vikosi wenyewe, mara nyingine kabla hawajapata mtu mzima wa kuwaongoza. Wasichana nao hawakungoja kuitwa. Mwaka 1909 maskauti walipokusanyika London, katika jumba la Crystal Palace, wasichana walifika wamevaa kama maskauti, wakataka kuhesabiwa. Na mwaka 1910 wakapata chama chao. Lakini aliyeufafanua mpango wa vikosi kuliko wengine alikuwa kijana aitwaye Roland Philipps, aliyewaongoza maskauti wa mitaa ya maskini mashariki mwa London. Aliandika kitabu kidogo juu ya mpango huo, kisha akaenda vitani, akauawa Ufaransa mwezi wa Julai 1916, akiwa na miaka 26. Fundisho lake kubwa laweza kusemwa kwa maneno machache: mpango wa vikosi si njia mojawapo ya kuendesha skauti, ndiyo skauti yenyewe. Kundi lisilo na vikosi vinavyojiongoza ni darasa la shule lililovaa kofia.

Tena sisi Walutheri wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kustaajabu kana kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Babu zetu walijua rika. Vijana waliotahiriwa pamoja walilimana mashamba, walilipiana madeni, walionyana pasipo kungoja wazee. Mchungaji Bruno Gutmann wa misioni ya Leipzig, aliyefanya kazi miaka mingi Old Moshi hata mwaka 1938, aliona nguvu iliyomo katika desturi hiyo ya Wachagga. Naye aliwafunga vijana wa Kipaimara katika vikundi vidogo vya ndugu wa ngao, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Si yote aliyoyawaza Gutmann tunayakubali, lakini hapo aliona vema.

Basi, kundi la skauti limepangwaje? Kundi zima laweza kuwa na vijana ishirini, au thelathini, au zaidi. Halikai kama darasa mbele ya mwalimu, bali limegawanyika katika vikosi vya vijana sita hadi wanane, na kila kikosi kina jina lake, bendera yake na kona yake. Vijana hawabadilishwibadilishwi kila juma, bali hukaa pamoja, hupika pamoja, huchoka pamoja. Kiongozi wa kikosi huwa na msaidizi, ambaye mara nyingi humchagua mwenyewe baada ya kushauriana na mwalimu, kwa maana si vizuri kumfunga mtu nira na mwenzake asiyemtaka. Wengine nao wana kazi: mmoja ni karani aandikaye majina na habari, mmoja mtunza vyombo, mmoja mpishi, mmoja hushika sanduku la dawa. Katika makundi makubwa yuko pia kijana mmoja aliye juu ya viongozi wote wa vikosi, naye ndiye mkono wa kuume wa mwalimu.

Mwalimu hufanya nini basi? Kazi yake kubwa huifanya siku ambayo kundi halipo. Huwaita viongozi wa vikosi peke yao, juma moja kabla, awafundishe fundo la kamba, au namna ya kufunga jeraha, au kuwasha moto wakati wa mvua. Kisha siku ya kundi wao ndio wawafundishao wenzao, naye husimama kando. Hilo si geni kwetu. Dk. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 hakumwandikia mchungaji tu. Alimwandikia baba mwenye nyumba, amfundishe mkewe, watoto na watumishi kwa urahisi, nyumbani mwake. Luther alijua kwamba mhubiri mmoja mbele ya watu mia hawezi kufanya afanyalo baba mmoja mbele ya watu saba.

Sasa twaja kwenye jambo lenye uzito, nalo ni gumu kwetu kuliandika, kwa sababu ni kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa tungali wachungaji wapya, tulikuwa na kundi la skauti katika usharika mmoja, lenye vikosi vitatu. Tulikuwa tumeyasoma haya yote tunayowaandikia, na kuyafundisha kwa maneno mazuri. Tukapiga kambi ya siku tatu karibu na mto. Kila kikosi kilipewa unga wake, maharagwe yake, mafuta na chumvi, na kila kiongozi aliambiwa: hiki ndicho chakula chenu hata siku ya tatu, kipimeni wenyewe.

Kiongozi wa kikosi cha kwanza alikuwa kijana wa miaka 15, mpole, mwana wa mjane. Usiku wa kwanza aliwahurumia wadogo, akawapikia sana, wakala wakashiba wakabakiza. Jioni ya pili tukapita, tukatazama katika mfuko, tukaona unga umebaki kiasi cha mtoto mmoja. Maji yalikuwa yanachemka. Watoto saba walikuwa wamekaa na sahani zao. Naye alikuwa amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, wala hakusema neno.

Tulikasirika. Tulisema mbele ya wadogo zake maneno ambayo hatutayarudia hapa. Tukamnyang'anya mwiko, tukachukua unga katika mfuko wetu wenyewe, tukasonga ugali kwa mikono yetu, tukawapakulia. Wote walikula. Tukalala tukijiona baba mwema.

Mkutano uliofuata kijana yule alikuja, akasimama nyuma. Mkutano wa pili hakuja. Baada ya miezi miwili vijana wanne wa kikosi chake hawakuja tena, wala katika skauti wala kanisani, nasi tukawaandika katika kitabu kuwa wavivu. Mama mmoja mzee wa kanisa ndiye aliyetufumbua macho. Alitungoja baada ya ibada akasema: “Baba Mchungaji, nisamehe. Ulimnyang'anya mwiko mbele ya wadogo zake. Ungemchapa fimbo faraghani, angesahau.”

Tukaenda nyumbani kwao jioni. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Tukamwomba msamaha, mkubwa kwa mdogo, na jambo hilo halikuwa jepesi. Naye alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa adabu: “Shikamoo, Baba Mchungaji. Nilikuwa nimekwisha kuwatuma wawili kwenda kikosi cha tatu kuazima unga. Walikuwa njiani.”

Hatukumwuliza. Hilo ndilo lililotuchoma, wala si habari ya unga. Kijana aliona kosa lake mapema kuliko sisi, akatafuta dawa yake, na dawa ilikuwa njema. Alikosa dakika kumi tu. Dakika hizo kumi tulizichukua sisi. Kama tungalikaa juu ya jiwe na kutazama, watoto saba wangaliona kiongozi wao akikosa, akitengeneza, akiwaomba ndugu msaada, na baadaye akilipa deni. Badala yake walijifunza ya kwamba kiongozi wa kikosi ni jina tu, na mwenye kazi ni Mchungaji.

Basi twasema neno hili kwa walimu wote: kazi iliyo kweli mikononi mwa kijana yatambulikana kwa alama moja, kwamba yaweza kuharibika. Ikiwa umepanga mambo hata kosa lake haliwezi kumdhuru mtu yeyote wala kuchelewesha chakula, basi hukumpa kazi, umempa mchezo, na vijana huujua upesi mchezo ufanywao kuwa kazi. Ugali ukiungua, na uungue. Hema likivuja kwa sababu hawakuchimba mfereji, usiku mmoja wa kulowana una mafundisho kuliko masomo matatu ya mwalimu.

Lakini tusikilizane vema, maana wako wengine waliolipokea shauri hili kwa furaha kupita kiasi, wakaenda kulala. Kumwachia kijana kazi si kumtupa. Yako mambo ambayo mtu mzima hapewi ruhusa ya kuyaweka juu ya mabega ya mtoto: mto wenye mafuriko, dawa, uhai wa wagonjwa, fedha nyingi za watu. Tena liko jambo lenye giza zaidi. Kijana mkubwa aliyepewa mamlaka juu ya wadogo pasipo jicho la mtu mzima aweza kuwa mwonevu, akawatumikisha, akawapiga, akawatendea mabaya wasiyothubutu kuyasema. Na mtu mzima naye asipate nafasi ya kukaa faraghani na mtoto mmoja, hata awe anasifiwa namna gani usharikani; daima wawepo watu wazima wawili, na mambo yafanyike mahali paonekanapo. Mtoto akileta malalamiko, yasikilizwe siku ile ile. Kunyang'anya mwiko ni kosa, nako kufumba macho ni kosa lililo baya kuliko hilo.

Namna ya kuchagua viongozi, tumeona njia mbili. Wengine huwaacha vijana wapige kura. Wengine humwachia mwalimu ateue baada ya kuwauliza vijana wa kikosi. Sisi twaipenda ile ya pili kwa kundi changa, na ile ya kwanza kwa kundi lililokomaa, lakini hatugombani na mtu. Lile tunalogombana nalo ni kumteua mwana wa mzee wa kanisa kwa sababu babaye alitoa bati za paa. Samweli mwenyewe, nabii mzee, alipomwona Eliabu na kimo chake alidhani kazi imekwisha, hata Bwana akamkataza (1 Samweli 16). Tazama usiku wa mvua ni nani anayempa mdogo blanketi lake pasipo kuonwa. Na kama ni msichana, basi ni msichana.

Tena asiwepo mtu wa kunyimwa uongozi kwa rangi, kabila au umaskini. Uskauti wenyewe una doa hapo, nalo tusilifiche: Afrika Kusini vijana Waafrika hawakupokelewa pamoja na wenzao Wazungu. Tangu mwaka 1922 waliwekwa katika chama cha kando kilichoitwa Pathfinders, na ilikuwa mwaka 1977 ndipo maskauti wa nchi ile walipokuwa chama kimoja. Miaka hiyo yote sheria ya skauti ilisema kila skauti ni ndugu wa skauti mwingine. Sisi nasi tuna sheria nzuri ukutani.

Kuhusu lile Baraza la Heshima tulilolitaja, makundi mengi hulisahau, nalo ndilo moyo wa mpango wote. Viongozi wa vikosi hukaa pamoja, mmoja wao akiwa mwenyekiti, mwingine karani. Mwalimu huketi nao kama mshauri, na akiwa na hekima huketi pembeni. Hapo hupangwa safari, hugawanywa kazi, hutazamwa hesabu ya fedha za kundi, na hapo huletwa habari ya mwenzao aliyeanguka. Yasemwayo humo hayatoki nje. Kila kiongozi, kabla hajaja, huwauliza watu wa kikosi chake wanataka nini, akalete neno lao na si lake. Na akirudi, huwaeleza yaliyoamuliwa. Mtoto mdogo kuliko wote, aliyejiunga jana, ana njia ya neno lake kufika mezani. Ni sharika ngapi zetu zina njia kama hiyo kwa kijana wa miaka 14?

Wakati mmoja, miaka mingi baada ya ile habari ya mwiko, baraza la vijana wetu lilikuwa na shauri la mwenzao aliyeiba fedha za nauli ya safari, shilingi chache. Sisi tulikuwa tumekwisha kuamua moyoni: afukuzwe. Tukauma ulimi. Vijana walikaa muda mrefu. Wakaamua arudishe fedha kwa kuuza kuni, tena kwamba kiongozi wake aende kukata kuni pamoja naye, kwa kuwa alijua nyumbani kwao hawakuwa na chakula wala hakumwambia mtu. Katika shauri letu sisi, yule kiongozi hakuwamo kabisa. Hatukuwa tumeliona kosa lake.

Jambo la mwisho ni habari ya kijana aliyeshindwa. Kiongozi wa kikosi atashindwa, hilo ni hakika kama mvua za masika. Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Yohana aitwaye Marko, aliyekwenda pamoja na Paulo na Barnaba, kisha akawaacha njiani akarudi Yerusalemu (13:13). Safari ya pili ilipofika, Paulo hakutaka hata kumsikia, Barnaba alimtaka, wakashindana hata wakatengana, na Barnaba akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro (15:37–39). Twamheshimu Paulo, lakini katika jambo hili Barnaba alikuwa mwalimu bora wa vijana. Tena twamsifu Paulo kwa kuwa mwishoni, akiwa amefungwa, aliagiza aletewe Marko yule yule, akamkiri kuwa amfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Hatujui Barnaba alimwambia nini kijana yule melini. Twadhani hakusema mengi. Alimpa mzigo auchukue.

Yule kijana wetu wa mto alirudi baada ya mavuno. Hakutaka uongozi tena, nasi hatukumlazimisha. Alishika sanduku la dawa, akalishika vizuri. Katika wale wanne, wawili walirudi pamoja naye. Wawili hatukuwaona tena mpaka leo.

Mwanzilishi wa uskauti alimalizia siku zake karibu nasi, huko Nyeri, nchi ya Kenya, alikofariki tarehe 8 Januari 1941, na juu ya kaburi lake imechorwa alama ya njia ambayo maskauti huiweka: duara yenye nukta katikati, maana yake, nimekwenda nyumbani. Wavulana wa kwanza walijifunza kuzisoma alama za namna hiyo mavumbini. Anayezifuata huwa hamwoni tena aliyetangulia; aona alama tu, na lazima aamue mwenyewe.

Mwalimu atakayelisoma somo hili pamoja na vijana wake, na awaulize swali hili moja: ni kazi gani hapa usharikani petu ambayo, ninyi msipoifanya, haitafanyika? Kisha anyamaze. Wasipopata jibu siku hiyo, asiwape la kwake. Na akaliulize baraza la wazee Jumapili inayofuata.